Wageni na Majembe Yao

Wamekuja tena, bila hodi,
saa moja kasorobo asubuhi. Mimi ndio kwanza navua viatu vya zamu,
unga wa kiwanda cha mikate bado u kwenye nyusi.
Nawahesabu kwa kidole juu ya mvuke wa kioo:
vidoa kumi na kimoja, vinaanza kuchuruzika.

Wanapita kwenye pengo la uzio wa Bwana Thibodeau
mmoja mmoja, shingo mbele, mwili ukifuata baadaye,
kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao
na hawataki mtu ajue.

Nani aliwaita bata?
Maji wanayoyajua ni haya yaliyoganda.
Na huo mzinga je? Hawana asali, hawana baruti.
Labda dume, akivimba, akatandaza mkia,
unajikinga uso, unangoja mlipuko.
Hakuna. Anasinyaa polepole
kama chapati iliyoepuliwa,
na kile kinyama chake kinaning'inia juu ya mdomo
mithili ya bwana harusi aliyesahau kufuta pua.

Siku ya kwanza niliwapa mahindi.
Ya pili, kiporo cha wali.
Ya tatu nikakumbuka ya wahenga, nikawaza jembe,
nikakuta wamekuja na yao, vidoleni:
wanachakura chini ya mwaloni,
kushoto, kulia, rudi nyuma, dono,
palizi safi kuliko yangu.

Shangazi Mwanakombo anapiga simu kutoka Korogwe.
"Huko si mnakula bata tu?"
Namgeuzia kamera.
"Tazama, shangazi. Huku bata ndio wanatula sisi."
Anakaa kimya. Kisha: "Mbona hamchinji?"
Namweleza: kuna msimu, kuna kibali, kuna faini.
"Kumbe hata ndege wana karatasi."
Nacheka, nikiiangalia bahasha ya uhamiaji juu ya friji.
Tangu Jumatatu sijaifungua.

Novemba kiwanda kilitugawia bata mzinga, kila mtu wake,
kagandishwa, kafungwa plastiki, hana kichwa.
Wangu yumo kwenye friza mpaka leo.
Na yule jike anayechechemea hupenda mlango wangu wa kioo;
husogea, hujitazama, hujidonoa.
Ko. Ko.
Nyuma ya kioo, mimi. Nyuma yangu, friza inanguruma.
Sijamwambia kitu.

Bwana Thibodeau alikuwa akiwamwagia alizeti kwa kopo la kahawa,
akiwatukana kwa Kifaransa cha bibi yake,
baridi hii ya Lewiston, na kichwa wazi.
Tangu gari la wagonjwa limchukue
theluji ya kibarazani kwake haina unyayo wa mtu.
Wa kwao tu: mishale, mishale, mishale,
na ukiitazama vizuri, kila mmoja umeelekezwa
kule ndege alikotoka, siyo anakokwenda.
Nilisimama pale na soksi nikiisoma
mpaka vidole vikafa ganzi.
Kopo nililikuta chini ya ngazi. Nimelihamishia kwangu.

Jioni, nikitoka kwenda kazini,
wanapaa kwenye msonobari kulala.
Magunia yenye mabawa! Tawi linainama,
theluji inamwagika, tawi linakubali.
Nikahesabu. Kumi.
Nikahesabu tena kuanzia juu. Kumi.
Basi langu likasimama, likafungua mlango, likafunga, likaenda.
Nikabaki na mkebe wangu wa chakula, macho kwenye lile pengo,
mpaka akatokea, mguu juu, mguu chini,
hana haraka na mtu.

Nilichelewa dakika arobaini.
Msimamizi akanyanyua saa yake, akauliza kulikoni.
Nikamwambia nilikuwa na wageni.